Kasi na Ufunguo: Kutoka Litungu hadi Tekno

Tangu zamani Wabukusu wa Bungoma na Kitale walijua kuoanisha sauti na mwendo. Mpiga litungu, kinubi chao, hukaza nyuzi zake saba hadi zikubaliane na koo la mwimbaji. Mwenye siilili, aina ya fidla, husogeza sauti yake hapo hapo hadi ilingane na koo hilo. Kila mwaka wa shufwa, msimu wa tohara ukiwadia, kijana huzunguka kualika jamaa akipiga chinyimba, na waimbaji wanaomsindikiza hufuata kasi ya kengele hizo. Ufunguo, yaani kimo cha sauti za wimbo, uliamuliwa na koo, kasi ikaamuliwa na mkono.

Reli ilifika Kitale mwaka 1926. Njia nyingine ilipita Bungoma kuelekea Uganda, na kufikia 1931 ilikuwa imefika Kampala. Baadaye magitaa na santuri vilienea magharibi mwa Kenya, na katika miaka ya 1950 ukavuma mtindo wa gitaa wa omutibo. Bingwa wake, George Mukabi, alipiga gitaa huku chupa ya soda ikigongwa kushika mapigo. Aliaga dunia mwaka 1963. Daudi Kabaka naye alitikisa nchi kwa twisti, na mwaka 1968 bendi ya Uingereza, The Tremeloes, ikaurudia wimbo wake wa Helule Helule. Lakini santuri ilikuwa na ukaidi wake: wimbo ukishachongwa humo, haumsikilizi tena mwimbaji wala mchezaji.

Ukaidi huo ndio uliozaa kazi ya dijei. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Francis Grasso wa New York alikuwa akioanisha mapigo ya santuri mbili ili wachezaji wasisimame. Kampuni ya Technics ilitoa mashine ya kuchezea santuri, SL-1200, mwaka 1972, na toleo la 1979 likaja na kitelezi cha kupunguza au kuongeza kasi kwa asilimia 8. Shida haikuisha. Kuutoa wimbo kwenye mapigo 140 kwa dakika hadi 150 ni kuukimbiza kwa asilimia 7 hivi, na asilimia 6 tu inatosha kuupandisha nusu toni. Anayetengeneza kasi anaharibu ufunguo.

Katika miaka ya 1980, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson wa Detroit walizaa tekno, muziki wa mashine usio na subira. Kompyuta zilipoingia kazini, kasi ikatenganishwa na ufunguo: wimbo unakimbia bila kupanda. Likaja pia gurudumu la Camelot, linaloonyesha funguo zinazopatana, lenye namba 12 na herufi mbili, A kwa minor na B kwa major. Wimbo wa 8A unapokelewa vizuri na 7A, 9A au 8B.

Magharibi mwa Kenya, kompyuta hizo zilikuta shughuli tayari. Disko matanga, ngoma za usiku kwenye msiba, zimepigwa marufuku na serikali mara kwa mara kwa ajili ya usalama wa vijana, na mara kwa mara zimerudi. Ng'ambo ya mpaka wa Malaba, tamasha la Nyege Nyege lilianza Jinja mwaka 2015, likawafikishia wengi muziki wa singeli wa Dar es Salaam, unaovuka mapigo 200 kwa dakika. Kasi hiyo haimtishi anayejua kuhesabu: wimbo wa mapigo 100 huingia chini ya singeli ya 200, kila pigo moja likibeba mawili.

Mtihani mgumu ni mwingine. Funguo za gurudumu hufuata sauti 12 za piano, ilhali litungu hukazwa kufuata koo na huweza kuangukia katikati ya sauti mbili. Programu ya dijei itaupachika wimbo wake namba ya ufunguo ulio karibu, na tekno ikiingia juu yake, nyuzi zitasikika zimeteguka. Hata tekno yenyewe, ikiwa ni ngoma tupu bila nota za kutosha, huandikiwa ufunguo wa kubahatisha. Hapo dijei hana budi kuondoa macho kwenye kioo cha kompyuta, kuishusha au kuipandisha tekno kidogo kidogo, na kusikiliza mpaka sauti zikae, kama mwenye siilili alivyofanya.

Kwa hiyo vijana wa Kitale na Bungoma wanaotaka kumiksi muziki wa kasi wasianzie kwenye programu. Wakae kwanza na mpiga litungu anapokaza nyuzi zake. Wazee wenye ujuzi huo bado wapo, wafuatwe leo.