Matumizi ya umeme ya televisheni

Matumizi ya umeme ya televisheni ni kiasi cha nishati ambacho televisheni hula inapoonyesha picha, pamoja na kile inachoendelea kuvuta baada ya kuzimwa kwa rimoti. Nguvu yake hupimwa kwa wati. Ukizidisha wati hizo kwa saa ambazo TV huwaka kwa mwezi, kisha ukagawa kwa 1,000, unapata kilowati-saa, yaani uniti zilezile ambazo mteja hununua kwa LUKU Tanzania au kwa tokeni Kenya. TV ya LED ya inchi 32 yenye wati 40, ikiwaka saa 6 kwa siku, hula uniti 7.2 kwa mwezi wa siku 30. Ya inchi 55 yenye wati 110, kwa saa hizohizo, hula 19.8.

Chanzo cha kwanza cha tofauti hiyo ni ukubwa wa kioo. Inchi hupimwa kutoka pembe hadi pembe, kwa hiyo huficha eneo: kioo cha inchi 55 kina eneo karibu mara tatu ya kile cha inchi 32, na lote sharti limulikwe. Katika TV za LCD, ambazo ndizo zimejaa madukani, kioo chenyewe hakitoi mwanga. Nyuma yake kuna taa, na sehemu kubwa ya umeme huishia hapo. Taa hizo zamani zilikuwa mirija ya floresenti. Siku hizi ni LED, na ndiko lilikotoka jina la TV za LED. Katika OLED kila nukta hujiwakia yenyewe, hivyo picha ya giza hula kidogo na picha nyeupe hula sana.

Plazma ndiyo ya kuepukwa. Panasonic iliacha kuzitengeneza mwishoni mwa 2013, Samsung na LG zikafuata 2014, lakini bado hukutwa kwenye maduka ya mitumba, zikiwa na picha nzuri na bei ya kuvutia. Ya inchi 42 huweza kuvuta wati 200 na zaidi, mara tatu au zaidi ya LED ya ukubwa huohuo. Mwenye TV ya chogo ya inchi 21, kwa upande mwingine, akihamia LED ya inchi 32 hupata picha kubwa kwa umeme pungufu.

Uzito wa uniti chache huonekana vizuri pale umeme unapouzwa kwa ngazi. Katika bei zilizopangwa na EWURA, mdhibiti wa nishati Tanzania, mwaka 2016, mteja wa kundi la D1, yaani la matumizi madogo ya nyumbani, hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi, kabla ya kodi na tozo. Tuchukue nyumba ambayo friji, taa na pasi hula uniti 65. Ikiwa na TV ya inchi 32 inafika 72.2 na hulipa shilingi 7,220. Ikiweka ya inchi 55 inafika 84.8 na hulipa shilingi 10,930. Nyumba hiyo ikihamishiwa kundi la T1, la matumizi ya kawaida, ambako kila uniti, hata ya kwanza, ni shilingi 292, uniti hizo 84.8 zinafika shilingi 24,762. Kenya nako, tangu Aprili 2023, bei ya chini kabisa ya stima ya nyumbani huishia kwa wateja wa uniti 30 kwa mwezi. TV kubwa peke yake huweza kumaliza theluthi mbili za hizo.

Lebo ya Ulaya, inayoonekana kwenye TV nyingi zilizotoka huko, hutumia herufi A hadi G tangu Machi 2021. Mtumba wa kabla ya hapo wenye A+ usilinganishwe na mpya yenye F, kwa kuwa vipimo vilibadilishwa. Namba ina manufaa kuliko herufi: lebo mpya hutaja kilowati-saa kwa saa 1,000, na namba hiyo ndiyo wati za wastani. Wati zilizoandikwa mgongoni mwa TV mara nyingi ni za juu kabisa.

Mita ya nyumbani pia hupima. Nyingi zina kitaa chekundu kinachomweka, na pembeni pameandikwa idadi ya mimweko kwa kilowati-saa. Ikiwa ni 1,000, zima kila kitu isipokuwa TV, hesabu mimweko ya dakika 10, zidisha kwa 6: hizo ndizo wati. Jaribu mara mbili, mwanga wa picha ukiwa juu kisha ukiwa umeshushwa. Wengi hawajui kwamba TV iliyoachwa katika hali ya duka, au kwenye picha kali inayoitwa Vivid au Dynamic, hula zaidi bila faida yoyote sebuleni.

Kisha kuna king'amuzi. Kinachovuta wati 10 usiku na mchana hula uniti 7.2 kwa mwezi, sawasawa na TV ya inchi 32 iliyotajwa juu. Vingi hushuka kidogo tu vikizimwa kwa rimoti, kwa hiyo dawa ni swichi ya ukutani. TV iliyo na kipokezi cha dijitali ndani yake huondoa mzigo huo kwa anayetazama chaneli za bure.

Wasio na gridi hulipia kila wati mapema, kwenye paneli na betri. M-KOPA ilianza kuuza seti ya sola yenye TV nchini Kenya mwaka 2016, na TV za volti 12 za inchi 24 zinazovuta chini ya wati 20 zinapatikana. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 50 hubeba wati-saa 600, na haifai kushushwa chini ya nusu. TV ya wati 40 ikipitia inveta inayokula wati 10 humaliza nusu hiyo kwa saa 6. Ya wati 15 iliyounganishwa moja kwa moja na betri hutumia 90 tu, na taa na simu zinabaki na 210.