Reli ya Rafuni: Historia ya Treni Ndogo na Watu Waliokosa Nafasi

Mwezi huu zamu ya kuandika historia imenifikia mimi. Najua wengi mlitegemea niandike juu ya vita au juu ya marais wetu. Nimechagua treni ndogo, zile zinazojengwa juu ya rafu pamoja na mlima wake, nyumba zake na miti yake. Msicheke kwanza.

Nimeichagua kwa sababu kwenye kituo chetu cha vijana tumepigilia rafu mbili ukutani na tunajenga reli juu yake, na mfanyakazi mmoja wa shirika alipoiona akauliza: hii inawasaidia nini? Hakuuliza kwa ubaya. Yeye ana ripoti ya kuandika, na kwenye ripoti yake kuna sehemu ya ushonaji, sehemu ya sabuni na sehemu ya kompyuta, hakuna sehemu ya reli ya maboksi. Basi nikasema nitamjibu kwa historia.

Treni za kuchezea zilianza karibu pamoja na treni zenyewe, lakini zile za kwanza zilikuwa za bati, mtoto anasukuma sakafuni tu, hazina njia maalumu. Mwaka 1891 kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilipeleka kwenye maonyesho ya Leipzig treni yenye reli zake na vipimo vinavyojulikana. Maana yake, mwaka huu mzazi ananunua kichwa cha treni, mwaka ujao anaongeza behewa, mwaka mwingine anaongeza reli, na vyote vinaingiliana. Biashara ya akili sana hiyo. Tatizo ni kwamba vilikuwa vikubwa. Kipimo walichokiita 1 kilikuwa na upana wa milimita 45 kati ya reli na reli, na kile cha 0 kilikuwa milimita 32. Ukitaka treni hiyo izunguke unahitaji sakafu ya chumba kizima. Nani ana chumba kizima cha treni? Tajiri.

Sasa hapa ndo historia inapokuwa yetu. Mji wa Nuremberg, Ujerumani, ulijaa viwanda vya vitu vya kuchezea, na kimoja kikubwa kilikuwa cha ndugu wawili Wayahudi, ukoo wa Bing. Mwaka 1922 kiwanda cha Bing kilitoa reli ya mezani. Walichukua kile kipimo cha 0 wakakigawa karibu nusu, ikawa kama milimita 16 hivi. Ndiyo maana mpaka leo kipimo kinachotumika zaidi duniani kinaitwa H0, yaani nusu ya sifuri, ambapo kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli. Kuanzia hapo hata mtu wa kawaida mwenye meza ya chakula angeweza kuwa na reli, akishamaliza anaifunga kwenye boksi watu wale.

Stephan Bing, mtoto wa ukoo huohuo, aliondoka baadaye kwenye kiwanda cha baba yake akachukua kingine, na mwaka 1935 wakatoa treni ya mezani ya umeme iliyoitwa Trix. Angalieni huo mwaka. Hitler alikuwa tayari madarakani miaka miwili. Mwaka 1938 wenye kiwanda, kwa kuwa ni Wayahudi, walilazimishwa kukiuza, na Stephan Bing akakimbilia Uingereza. Mwenzake wa Nuremberg, Philipp Ullmann, yeye aliondoka mapema, na mwaka 1933 akaanzisha kampuni ya Mettoy katika mji wa Northampton. Ni kampuni hiyo iliyokuja kutoa vile vigari vidogo vya Corgi ambavyo watoto wengi wa dunia wamevichezea.

Mimi niliposoma habari hii nilirudia mara mbili. Watu walionyang'anywa kiwanda, nyumba na nchi hawakufika ugenini mikono mitupu. Ufundi ulikuwa kichwani, na kichwa hakipekuliwi mpakani. Nyinyi wenye wazazi mafundi seremala na mafundi cherehani mnajua ninachosema. Lakini tusijidanganye pia: Bing na Ullmann walikuwa na watu wa biashara waliofahamiana nao huko Uingereza kabla ya kukimbia. Ufundi peke yake bila mtu wa kukufungulia mlango unakaa kichwani tu. Wafanyakazi wa mashirika, hapo ndipo nilipotaka mpasikie.

Baada ya vita treni ziliendelea kupungua. Mwaka 1962 kampuni ya Arnold ilitoa kipimo cha N, milimita 9 kati ya reli na reli, na mwaka 1972 Märklin wakatoa cha Z, milimita 6.5. Lakini kupunguza treni si jambo kubwa. Treni ikizunguka meza tupu mara 10 inachosha, hata mtoto mdogo anaiacha anakwenda kupiga mpira. Jambo kubwa ni kwamba katikati ya hapo kuna watu waliogundua kuwa kinachotakiwa kujengwa ni mahali, na treni ni mpita njia tu.

Mmoja wao ni John Ahern, Mwingereza, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1930 alianza kujenga bonde lake la Madder. Bonde hilo halipo kwenye ramani yoyote. Alilitunga mwenyewe, na bandari yake, mitaa yake na milima yake, na reli ikapita humo kama inavyopita kwenye nchi ya kweli. Kabla yake wengi walijenga reli kisha wakapachika nyumba mbili tatu pembeni kama mapambo.

Mwingine ndiye ninayempenda zaidi. Anaitwa Roye England, ila hakuzaliwa Uingereza, alitoka Australia. Alifika mwaka 1925, kijana wa umri wetu, akapenda sana vijiji vya bonde moja linaloitwa Vale of White Horse: nyumba za mawe na za udongo, mapaa ya nyasi, bustani ndogo. Akaona vinapotea mbele ya macho yake. Hapa wanabomoa, pale wanatoa nyasi wanaweka mapaa ya kisasa. Hakuwa na pesa ya kununua kijiji wala uwezo wa kuzuia mtu asibadilishe nyumba yake, kwa hiyo akaamua kuvijenga vidogo. Yeye na wenzake walikwenda kwenye nyumba ya kweli wakapima ukuta, wakahesabu madirisha, wakapiga picha, halafu wakaijenga kwa kadi, ndogo mara 76. Nyumba moja ilikula miezi na miezi. Mwaka 1954 walianza makumbusho ya Pendon kwenye kijiji cha Long Wittenham, na bado yapo. Ahern alipofariki, bonde lake la Madder likahamishiwa hukohuko. England mwenyewe alifariki mwaka 1995, na kazi ile inaendelea.

Fikirini: mgeni kutoka Australia ndiye aliyeona kwamba kijiji cha wenyeji kinakufa. Wenyeji walikuwa wanaishi humo, walizoea.

Turudi sasa kwenye rafu, maana meza nayo ni anasa kwa watu wengi. Duara la treni linataka upana, na rafu haina upana. Kwa hiyo wenye vyumba vidogo waliacha duara. Wakajenga reli ya moja kwa moja inayoishia kituoni au bandarini, na kazi ya treni ikawa kupanga mabehewa. Mwingereza Alan Wright alitengeneza mpango mmoja mdogo unaoitwa Inglenook. Njia tatu zinakutana kwenye njia moja. Njia ndefu inaingia mabehewa 5, nyingine mbili zinaingia 3 kila moja, na kwenye njia ya kuvutia kuna nafasi ya kichwa cha treni na mabehewa 3. Una mabehewa 8 ya rangi tofauti. Unaokota vikaratasi 5 kwenye kikombe, halafu unatakiwa kuyapanga hayo 5 kwenye njia ndefu kwa mpangilio uleule ulioyaokota. Basi. Ukipiga hesabu, 8 mara 7 mara 6 mara 5 mara 4, unapata mipangilio 6,720. Hakihitajiki umeme hata kidogo. Chora njia kwa chaki sakafuni, tumia visanduku vya viberiti, ucheze usiku kucha. Sisi tunacheza, na mabingwa ni wasichana wawili wa darasa la sita ambao wanatushinda wote.

Rafu zetu ni mbili, zinatazamana. Ukuta huu ni Kigoma, ukuta ule ni Kalemie, na sakafu katikati ndo Ziwa Tanganyika. Hatukuchagua kwa mapambo. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, kazi ya Wajerumani. Ng'ambo, Wabelgiji walimaliza reli ya kutoka Kabalo hadi Albertville, yaani Kalemie ya leo, mwaka 1915, kilomita 273, ikifuata mto Lukuga. Wakoloni wawili, maadui, reli zao zinaangaliana kuvuka maji. Reli zote mbili zinaishia majini, na reli inayoishia bandarini ndiyo inayofaa rafu. Hata meli Liemba inaingia kwenye habari hii: iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa mpaka Dar es Salaam, ikapandishwa treni hadi Kigoma na kuunganishwa upya. Ndugu zetu wa Burundi hawahitaji kuelezwa Liemba ni nini. Mwaka 2015 ndiyo iliyowachukua watu Kagunga kuwaleta Kigoma.

Kipimo tulikipata kwa kiberiti. Kisanduku kina sentimita 5, behewa la mizigo tukalihesabu mita 10, kwa hiyo kila kitu ni kidogo mara 200. Rafu ya mita 2 inakuwa mita 400 za kweli. Mtu wa mita 1.7 anakuwa milimita 8 na nusu, karibu na punje ya mchele mrefu, na kweli tulianza na punje za mchele kabla mama mmoja hajatukaripia kwamba chakula hakichezewi. Sasa watu wetu ni vipande vya njiti. Reli ni nyaya za shaba za redio mbovu. Kigoma reli ina upana wa mita 1, Kalemie ilipanuliwa mwaka 1955 ikawa milimita 1,067. Kwa kipimo chetu tofauti hiyo ni theluthi moja ya milimita, jicho haliioni. Miti ni sponji iliyochanwa na kupakwa rangi, udongo ni udongo huuhuu wa nje uliochekechwa na kumwagiwa gundi.

Kazi ngumu haikuwa gundi. Ilikuwa wazee. Tulimwita mzee mmoja aliyebeba mizigo kwenye reli ya Kalemie na mama mmoja aliyeuza ndakala pale stesheni (wenyeji wa hapa wanasema dagaa). Mama akasema kulikuwa na miembe mitatu. Mzee akasema hakukuwa na mwembe hata mmoja, mama amechanganya na kanisani. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Kumbe mzee alikuwa anaongelea miaka ya 1960, alipokuwa kijana, na mama anaongelea miaka ya 1990, kabla ya kukimbia. Wote wawili walikuwa sahihi, miembe ilikua katikati yao.

Hapo ndo tulipoelewa kile ambacho Roye England alikuwa nacho tangu mwanzo: huwezi kujenga mahali bila kuchagua mwaka. Yeye alichagua miaka ya 1920 na 1930. Sisi tulichelewa wiki tatu kwenye hilo. Vijana wengine walitaka mwaka 1996, na watu wakiwa na mabegi kichwani, kwa sababu hiyo ndiyo historia yetu na kuificha ni uongo. Mama yule akasema kama ni hivo yeye harudi tena, hataki kuuona usiku ule hata kwa njiti. Mimi nilikuwa upande wa mama. Vijana hawakuwa wajinga, lakini mwaka 1996 kila mtoto hapa kambini ameshasimuliwa, na wadogo zetu waliozaliwa hapa wanajua kwao ni mahali ambapo watu walikimbia, hawajui kwamba kabla ya hapo watu walisubiri treni, wakauza ndakala, wakagombana juu ya nauli. Tukapiga kura, ukapita mwaka 1990. Wa 1996 wamepewa ubao mwingine, wataujenga wao wenyewe, na hakuna atakayewazuia.

Kwa hiyo ndugu mfanyakazi, kwenye ripoti yako andika: hesabu za uwiano kwa watoto 14, historia ya reli mbili, na wazee wawili ambao sasa wanakuja kila Jumamosi bila kuitwa. Kama fomu haina sehemu hiyo, andika pembeni.

Tumekwama kwenye jambo moja. Mzee hakumbuki, na mama hakumbuki, paa la ghala la mizigo la Kalemie lilikuwa na rangi gani mwaka 1990. Mwenye baba, mjomba au bibi aliyepita pale amuulize, aniletee jibu kabla ya Jumamosi. Rangi tuliyonayo kopo moja tu, na tunapaka mara moja.