Mwanasheria wa Nyamata katika Kiti cha Kimihurura

Kazi yangu ni kuchapa nyaraka hapa Nyamirambo, mtaa wa Kigali, Rwanda: mikataba ya pango, hati za kuuziana pikipiki, barua za mirathi. Akija dada analalamika kwamba kaka zake wamemnyima shamba, swali langu la kwanza ni moja: baba alifariki mwaka gani? Zamani mila ndiyo iliyoamua, na ardhi ikawa ya watoto wa kiume. Sheria ya Novemba 1999 ndiyo iliyomweka binti sawa na kaka yake. Ile iliyochukua nafasi yake, namba 27 ya Julai 2016, ilipita wakati Spika ni Mama Donatille Mukabalisa.

Mama huyu ni mwanasheria, mzaliwa wa Nyamata kule Bugesera, 1960. Alitumikia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, miaka mingi. Mwaka 2000 aliingia katika Bunge la mpito na kubaki humo hadi 2003, mwaka ambao wananchi waliipigia katiba mpya kura ya maoni, tarehe 26 Mei. Oktoba 2013 alikalia kiti cha Spika, akakiacha 2024.

Lakini yeye hakuwa mbunge wa jimbo. Wamarekani walikuwa na John Dingell wa Michigan, mwanasheria pia, aliyekaa katika Bunge lao tangu 1955 hadi 2015 kwa kura za watu wa jimbo lake. Kwetu hakuna mbunge wa jimbo. Viti ni 80: 53 vya orodha za vyama kwa nchi nzima, 24 vya wanawake, viwili vya vijana, kimoja cha watu wenye ulemavu. Mtu wa Nyamirambo hana wa kumwita mbunge wangu, wala wa kumnyima kura kwa jina lake. Na katiba ya 2003 iliweka sharti kwamba Rais na Spika wasitoke chama kimoja. Ndiyo maana chama cha Mama Mukabalisa, PL, chenye viti vitano tu mwaka 2013, kiliweza kutoa Spika. Aliyemtangulia, Rose Mukantabana, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho mwaka 2008, naye alikuwa mwanasheria.

Ukipita Kimihurura, tazama ukuta wa jengo la Bunge: matundu ya makombora ya 1994 yameachwa makusudi, wala hayakuzibwa kwa saruji. Wanajeshi 600 wa RPF, waasi wa wakati ule, waliwekwa humo Desemba 1993, na vita vilipoanza tena waliyakabili mashambulizi wakiwa humo humo. Wanaotunga sheria leo huingilia chini ya matundu hayo.

Februari 2017, Mama Mukabalisa akiwa Spika, wabunge walipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Huku kwetu, hadi mtaa wa jirani wa Biryogo, tulichekelea, maana lugha yetu ilikuwa imezoea kuitwa ya wachuuzi na wahuni.

Wateja wangu wengi hawamjui Mama Mukabalisa kwa jina. Ila dada mwenye kesi ya shamba hupeleka barua yake kwanza kwa abunzi, wapatanishi wa kata, na kifungu cha usawa wa watoto nimekiandika juu kabisa. Kaka zake wakikisoma, mara nyingi hukubali kugawana kabla ya mahakama. Katika nchi isiyo na mbunge wa jimbo, mimi humpima mtunga sheria kwa hilo.