Hansard na Kanuni ya Kunukuu Yaliyosemwa

Kanuni za kunukuu, yaani kuyageuza maneno yaliyotamkwa kuwa maandishi safi bila kupotosha kauli ya msemaji, zilikomaa hasa katika mabunge, na katika Bunge la Uingereza zilitanguliwa na katazo. Mwaka 1738 Baraza la Commons, linalokaliwa na wabunge wa kuchaguliwa, lilitangaza kwamba kuchapisha mijadala yake ni kuvunja haki zake, hivyo wachapishaji wakalazimika kutegemea kumbukumbu na tetesi. Kati ya 1741 na 1744 Samuel Johnson aliandika mijadala hiyo katika jarida la The Gentleman's Magazine kwa kisingizio cha nchi ya kubuni iitwayo Lilliput, akipokea dondoo chache na kuwatungia wanasiasa hotuba fasaha ambazo hawakuzitoa kwa maneno hayo. Maandishi yake yalikuwa safi kupita kiasi, kwa kuwa usafi huo ulikuwa wa mwandishi, si wa msemaji.

Katazo hilo lilidhoofika mwaka 1771, pale jaribio la kuwaadhibu wachapishaji lilipomfikisha Meya wa London, Brass Crosby, aliyewatetea, katika kifungo cha Mnara wa London na kuamsha hasira ya umma. Mwaka 1803 William Cobbett alianza kutoa mfululizo wa mijadala, ambao mwaka 1812 uliingia mikononi mwa mchapishaji Thomas Curson Hansard, ambaye jina lake limebaki kuwa jina la taarifa rasmi za mabunge mengi. Hata hivyo, kwa muda mrefu taarifa hizo zilikusanywa kutoka magazetini, na wabunge wakaendelea kulalamika kwamba walilishwa maneno.

Malalamiko hayo ndiyo yaliyozaa kanuni. Kamati ya Bunge iliyokaa mwaka 1907 ilieleza kwamba taarifa rasmi si lazima ifuate kila neno, bali iwe karibu kabisa na yaliyosemwa, ikiondoa marudio na maneno ya ziada, ikisahihisha makosa yaliyo wazi, lakini isiache chochote kinachoongeza maana ya hotuba au kufafanua hoja yake. Kuanzia mwaka 1909 Bunge likawa na waandishi wake lenyewe, waliotumia hatimkato, yaani mwandiko wa alama fupi unaokwenda na kasi ya usemi.

Kanuni hiyo ilipofika Afrika Mashariki pamoja na mabaraza ya kutunga sheria ya kikoloni, na baadaye Kiswahili kilipoingia bungeni, kipimo cha neno la ziada kilibidi kutafsiriwa upya. Katika Taarifa Rasmi za Bunge la Tanzania, aya hufunguliwa tena na tena kwa maneno "Mheshimiwa Spika", ambayo mhariri mkali angeyahesabu kuwa marudio, lakini yanaachwa kwa sababu ni adabu ya kikao na ni dalili kwamba mbunge anazungumza kupitia kiti, si na mwenzake moja kwa moja. Maneno ya Kiingereza yanayochomekwa katikati ya sentensi ya Kiswahili nayo huachwa, kwa kuwa kuyatafsiri kungekuwa kumsemea msemaji, na itikio la ukumbi huwekwa katika mabano, kama vile (Makofi) na (Kicheko), ili msomaji ajue kauli ilivyopokewa. Nchini Kenya, ambako Kiswahili kiliingizwa bungeni mwaka 1974 na Katiba ya 2010 inatambua Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi za Bunge, mnukuzi hukabili wajibu huo katika zaidi ya lugha moja.

Uzito wa kanuni hiyo ulionekana wazi mwaka 1992, wakati Baraza la Malodi la Uingereza, likikaa kama mahakama ya juu kabisa katika shauri la Pepper dhidi ya Hart, lilipoamua kwamba mahakama zinaweza, kwa masharti maalumu, kurejea Hansard ili kujua kusudio la sheria yenye utata. Tangu hapo neno ambalo mnukuzi analiona la ziada linaweza kuwa ndilo atakalolitafuta hakimu, na kwa sababu hiyo mamlaka ya kufuta hukomea pale maana inapoanza kuguswa.