Ndama akihara, usisubiri aonyeshe kiu

Mwenzenu nimepoteza ndama wa siku tatu na kosa ni langu, kwa hiyo someni kabla hayajawakuta.

Asubuhi alianza kuhara maji ya njano. Nikamwekea ndoo ya maji, akainusa, akaondoka. Nikasema basi, hana kiu huyu. Maziwa nikamnyima, eti tumbo lipumzike. Kesho yake macho yameingia ndani, ngozi ya shingo ukiivuta inabaki imesimama, miguu ya baridi. Jioni akafa.

Kwa umri ule mshukiwa wa kwanza ni bakteria aina ya E. koli. Wananata kwenye ukuta wa utumbo na kutoa sumu. Sumu hiyo haichubui utumbo, inauamuru tu umwage chumvi ndani, na maji yanaifuata chumvi. Kipindupindu nacho mchezo wake ni huo huo. Mwaka 1959 kule Kolkata, mtafiti S. N. De alichukua maji yaliyokuzia vijidudu vya kipindupindu, akachuja vijidudu vyote, akayaingiza kwenye kipande cha utumbo wa sungura kilichofungwa. Kikajaa maji! Mdudu hayumo, sumu tu.

Sasa kiu. Hapo ndipo nilipoingia mkenge. Ubongo unapima sana ukali wa chumvi kwenye damu. Ukipanda asilimia 1 au 2 tu, mnyama anatafuta maji. Ila ndama anayehara hivi anapoteza maji na chumvi pamoja, yaani damu inapungua bila kuwa kali. Kiu inachelewa, na ikija hana tena nguvu ya kunywa.

Maji matupu hayarudishi chumvi. Bahati nzuri sumu haifungi njia ambayo chumvi na glukosi hupita pamoja zikivuta maji, na ORS inatumia njia hiyo. Angalizo: ile ya nyumbani ya sukari na chumvi tunayopewa sisi watu haimfai, ndama hawezi kumeng'enya sukari ya dukani, inaweza kumzidishia kuhara. Tafuta pakiti yenye glukosi, duka la dawa za mifugo wanayo. Ndama mpe kama lita 2 kwa mara, mbali na maziwa, na maziwa usimkatie. Asiyeweza kunyonya usimmiminie mdomoni, yataingia mapafuni; huyo anahitaji dripu, mwite bwana mifugo haraka.

Na akizaliwa tu, apate dang'a ndani ya saa 6 za kwanza, ndiyo kinga yake.

Ng'ombe wetu wa pili ana mimba kubwa. Pakiti nne nimeshanunua, ziko juu ya kabati.