Jumanne ya Viraka ilikotoka

Katika ofisi nyingi, iko Jumatano moja kila mwezi ambayo kazi huanza kwa kiduara kinachozunguka kwenye kioo. Foleni imeshafika mlangoni. Kompyuta inasema imefika asilimia 30 na inaomba isizimwe. "Mtandao unasumbua, mzee wangu," karani anamwambia aliye mbele, kwa sababu hilo ndilo jibu ambalo kila mtu amelizoea. Mtandao hauna kosa. Jana yake, saa mbili au saa tatu za usiku kwa saa zetu, kule magharibi mwa Marekani ikiwa bado asubuhi, Microsoft ilitoa viraka vya Windows vya mwezi mzima. Wao huiita Jumanne ya Viraka. Huku kwetu makali yake huonekana Jumatano.

Kuna wakati programu ikishatoka kiwandani ilikuwa imetoka. Ulinunua Windows 95 kwenye sidii au rundo la disketi, na kasoro zake ukaishi nazo kama unavyoishi na mlango unaokwaruza sakafu. Windows 98 ndiyo iliyozoesha watu kitu kipya, Windows Update: tovuti ambayo mwenye kompyuta aliingia kwa hiari yake, akatazama viraka vilivyopo, akachukua alichotaka. Mwaka 2000 Windows Me ikaongeza uwezo wa kompyuta kujichukulia yenyewe. Bado uamuzi ulikuwa wa mwenye mali, na wenye mali wengi hawakuwa na habari.

Kilichobadilisha mambo ni mwaka 2003. Julai 16 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu kubwa kwenye Windows. Agosti 11, siku 26 baadaye, kirusi cha Blaster kikapita katika tundu lile lile. Hakikuhitaji mtu abofye kitu; kuunganishwa na intaneti kulitosha. Kompyuta ilitoa onyo, ikahesabu sekunde 60, ikajizima na kujiwasha, kisha ikarudia. Ndani yake mwandishi wa kirusi alikuwa ameacha maneno ya kumsuta Bill Gates, na alikipanga kiishambulie tovuti ya viraka yenyewe. Dawa ilikuwepo karibu mwezi mzima. Haikuwa imenywewa.

Mafundi wa ofisini nao walikuwa na lalamiko lao: viraka vilidondoka siku yoyote, na kila kimoja kilitaka kujaribiwa kabla ya kusambazwa. Oktoba 2003 ukawekwa utaratibu wa Jumanne ya pili ya mwezi. Jumatatu inabaki ya kusafisha yaliyolala wikendi, na kitu kikiharibika zipo siku za kazi za kukitengeneza. Agosti 2004, Windows XP ilipopata sasisho lake kubwa la pili, watumiaji walianza kusukumwa waache kompyuta ijisasishe. Ni kuanzia miaka hiyo ndipo kile kidirisha cha "washa upya sasa au baadaye" kilipokuwa mgeni asiyeaga.

Windows 10, ya Julai 2015, ndiyo iliyoondoa neno "hapana". Mwenye toleo la nyumbani hakuweza tena kukataa masasisho. Na aliyekuwa bado na Windows 7 au 8.1 alifuatwa na tangazo la kuhamia toleo jipya bure. Mwaka 2016, kubofya alama ya X kulifunga tangazo tu, huku ratiba ya kuhama ikiendelea. Mwenye wakala wa safari huko California, ambaye kompyuta yake ya kazi iliharibika baada ya kujaribu kuhamia toleo jipya bila idhini yake, alishtaki akalipwa dola 10,000.

Waliobuni hayo walifikiria nyumba yenye intaneti isiyopimwa na umeme usiokatika. Katika hifadhi ya Chinko, Jamhuri ya Afrika ya Kati, watu wanaopambana na majangili walikuta kompyuta zao zikipakua toleo jipya, gigabaiti kwa gigabaiti, kupitia setilaiti ya gharama. Aliyewahi kuiwashia kompyuta hotspoti ya simu akakuta bando la wiki limeliwa kabla ya chai anawaelewa. Kuanzia Windows 8 kuna mahali pa kuiambia kompyuta kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, ila pamefichwa ndani ya mipangilio. Ama lile ombi la kutozima kompyuta, karani anaweza kulitii, umeme haukuulizwa.

Mei 12, 2017, Microsoft ikapata hoja ya kulazimisha masasisho. Kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili katika nchi zaidi ya 100, na hospitali za Uingereza zikawarudisha wagonjwa. Kiraka kilikuwa kimetoka Machi. Oktoba 2018 hoja ikahamia upande wa pili: sasisho la Windows 10 lilifuta nyaraka za baadhi ya watu, likasimamishwa baada ya siku chache. Mwaka 2019 watumiaji wa nyumbani nao wakapewa nafasi ya kuahirisha hadi siku 35.

Oktoba 14, 2025, viraka vya kawaida vya Windows 10 vilikoma. Kompyuta nyingi zinazofanya kazi vizuri hazina kifaa cha usalama ambacho Windows 11 inakidai. Kama ya karani ni mojawapo, na hakuna aliyeiombea muda wa nyongeza, Jumatano hii itawaka mara moja. Kiduara hakitatokea.