Malisho, Maji na Magadi: Hali ya Ardhi ya Machimbo ya Ziwa Magadi Kabla na Baada ya 1911

Swali la msingi katika tathmini ya machimbo yoyote yanayopendekezwa kwenye nyanda za malisho ni hili: hali ya awali ya udongo, uoto na maji ilikuwaje, na ilipimwa wapi? Insha hii inalichunguza swali hilo kwa kurejea Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, ambako uchimbaji ulitangulia kwa miongo mingi sheria ya kupima athari. Hoja yangu ni kwamba kosa halikuwa kukosa vipimo tu. Kosa lilikuwa kuchora mpaka wa eneo la machimbo kwa kufuata madini, ilhali mfugaji aliufuata mpaka wa maji.

Ziwa liko kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari. Halina mto wa kudumu unaoliingia wala mlango wa kutokea. Hulishwa hasa na chemchemi za majimoto yenye chumvi zilizo kando yake, na kwa kuwa uvukizi huizidi mvua mara kadhaa, magadi huganda na kufanya tabaka ambalo mahali pengine lina unene wa makumi ya mita. Wafugaji na wachuuzi waliyajua magadi haya kabla ya kampuni yoyote. Hata leo mpishi wa maharage na msagaji wa ugoro hawahitaji kuelezwa matumizi yake.

Mtu aliyesimama ufukweni mwaka 1911, Kampuni ya Magadi Soda ilipoundwa, angeweza kuandika kwa unyofu kwamba hapa hakuna malisho. Udongo wa ukingoni una chumvi nyingi, na mimea michache tu huustahimili, yakiwemo majani magumu ya jamii ya Sporobolus. Lakini kando ya ziwa ardhi hubadilika ndani ya hatua chache. Sakafu ya bonde imepasuliwa na nyufa nyingi zinazoelekea kaskazini na kusini, zikaacha matuta ya mawe ya volkeno na, katikati yake, mabonde membamba yenye udongo mzito uliosombwa na mvua. Juu ya tuta mna vichaka na mawe; chini mna migunga na nyasi zinazochipua upesi mvua inyeshapo. Shimo moja la kupimia udongo, likichimbwa juu ya tuta, litatoa jibu sahihi kuhusu tuta na jibu la uongo kuhusu malisho.

Maji ndiyo yaliyounganisha vipande hivi. Wakati wa mvua mifugo ilitawanyika kwenye nyanda kavu. Kiangazi kilipokaza, ilielekea magharibi, kwenye vijito vya miteremko ya Nguruman na vinamasi vya Ewaso Ng'iro ya Kusini. Nyanda zilipata mapumziko kwa sababu palikuwa na mahali pengine pa kwenda. Basi thamani ya malisho ya Magadi haikuwa ndani ya Magadi peke yake. Mji wa machimbo nao, ukiwa umezungukwa na maji yasiyonyweka, ulilazimika kuvuta maji matamu kwa bomba kutoka Nguruman. Machimbo na mfugaji walikutana, si kwenye magadi ambayo mfugaji hakuyagombania sana, bali kwenye kijito kilicho mbali na shimo.

Mwaka huohuo wa 1911 ndio wa mkataba wa pili kati ya serikali ya kikoloni na Wamaasai, uliowahamisha wale wa Laikipia kuelekea hifadhi ya kusini iliyopanuliwa. Haifai kuzidisha uhusiano wa matukio haya mawili: wengi wa waliohamishwa walipelekwa upande wa magharibi wa hifadhi, si ufukweni mwa ziwa. Hata hivyo, upungufu wa ardhi uliufanya kila mto wa kiangazi kuwa na uzito zaidi. Mwaka 1913 mahakama ilikataa kuisikiliza kesi ya Wamaasai kwa hoja kwamba mikataba hiyo ilikuwa ya kimataifa na haikuwa ndani ya mamlaka yake. Reli ya tawi kutoka Konza, yenye urefu wa kilomita 146 hivi, ilikamilika katika miaka iliyofuata.

Sheria ya Kenya ya usimamizi wa mazingira ya mwaka 1999 sasa inadai tathmini kabla ya kuchimba. Hilo ni jema, lakini mtafiti anayefika mara moja, katika msimu mmoja, akapima ndani ya vigingi vya mwombaji leseni, anaweza kutimiza masharti yote na bado akayarudia macho ya 1911. Vipimo vya Magadi vingepaswa kuanzia Nguruman, mwishoni mwa kiangazi, siku ambayo ng'ombe na bomba vinakunywa kijito kimoja.